Botanika ya Entebbe: njoo na mkeka

Ukimwambia kijana wa bodaboda pale Kitoro, mtaa wa Entebbe hapa Uganda, "nipeleke bustanini," huenda akakushusha kwa simba na sokwe, kwenye bustani ya wanyama. Sema "Botanika," yaani bustani ya mimea. Hapo ataelekea Manyago, na baada ya dakika chache utasikia hewa imebadilika usoni, imekuwa ya baridi na ina harufu ya majani mabichi.

Nimekuwa nikienda Botanika tangu sijaanza shule, na sasa nina miaka hamsini na mitano. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kitoro. Idi iliyopita tulikwenda ukoo mzima, watu kumi na tisa na sufuria mbili za pilau. Jioni, tukiwa tunaosha vyombo, binti yangu mkubwa akaniambia: "Mama, kila wiki watu wananiuliza kama pale panafaa kupeleka watoto. Andika basi, niwe nawatumia." Ndiyo nimekaa kuandika.

Panafaa. Kwa familia yenye watoto na wazee pamoja, sijaona mahali pengine kati ya Kampala na Ziwa Victoria panapopashinda. Lakini kuna namna ya kwenda. Wengi wanakwenda kwa nusu saa, wanapiga picha kumi chini ya mti mkubwa, wanaingia garini na kwenda ufukweni kula samaki. Hao wameliona geti tu. Pale panahitaji mkeka, panahitaji chakula cha nyumbani, na panahitaji kutwa nzima.

Kiingilio hulipwa getini. Wenyeji wana bei yao, wageni wa nje wanalipa zaidi, na gari linalipiwa peke yake. Karibu na geti utawakuta vijana wanaotembeza wageni. Ushauri wangu: mchukue mmoja, na mpatane bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza. Mimi niliyeijua bustani hii miaka hamsini nilidhani sihitaji wa kunitembeza. Safari hii mkwe wangu alisisitiza tumchukue, kwa ajili ya watoto, nami nimegundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa napita kwenye miti kama mtu anayepita kwenye kundi la watu asiowajua majina.

Kijana aliyetutembeza kwao ni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili kimezoeleka, kwa hiyo Kiswahili kwake si cha kubabaisha. Alipotusikia tunavyoongea, alikiacha Kiingereza chake cha kazini palepale akasema, "Mama, basi leo nitapumzika ulimi." Akatupeleka kwanza kwenye mti mmoja wa majani ya kung'aa, akachuma jani moja lililokauka, akalivunja na kumpa mjukuu wangu anuse. Mtoto akanusa, akafumba macho, akasema: "Chai ya bibi." Ulikuwa mdalasini. Miaka yote namwekea kijiti cha mdalasini kwenye chai, na siku hiyo ndiyo kwanza alijua kwamba kile kijiti kina mama, na mama yake amesimama pale kwenye mteremko anaangalia ziwa.

Ukishajua historia ya pale, huo mdalasini haukushangazi tena. Bustani ilianzishwa mwaka 1898, na mtu wa kwanza kuisimamia alikuwa Alexander Whyte, Mskoti aliyekuwa amekwisha fanya kazi kama hiyo Zomba, Malawi. Wakati huo Entebbe ilikuwa mji wa serikali. Sir Gerald Portal, kamishna wa Uingereza, alihamishia ofisi hapa mwaka 1893, akapaita Port Alice kwa jina la mkewe, lakini jina hilo halikushika. Lililoshika ni la wenyewe. Kwa Kiganda entebe ni kiti, na wazee husimulia kwamba Mugula, mkubwa wa ukoo wa Mamba, alikuwa na viti vyake vilivyochongwa kwenye mwamba, akikaa hapo kuamua kesi za watu. (Mamba wa Kiganda si yule wa kwetu anayekamata watu mtoni. Ni samaki, yule tunayemwita kamongo.) Basi mji umeitwa kwa kiti cha mwamuzi, ukawa makao ya serikali hadi uhuru mwaka 1962, na katikati ya yote hayo wakapanda bustani ya kama hekta 40 inayoshuka kutoka mlimani hadi majini.

Hawakuipanda ili watu wapumzike. Ilikuwa bustani ya kujaribia. Mbegu na miche zilikuja kutoka bustani ya Kew, London, na kwingineko, zikapandwa hapa zionekane kama zitakubali udongo na mvua zetu, na zilizokubali zikagawiwa mashambani. Chai ilifika hapa mwaka 1900. Kakao ikafuata mwaka 1901. Leo ukienda Bundibugyo ukaona kakao imeanikwa kila uwanja wa nyumba, au ukipita Kyenjojo na Bushenyi ukaona zile zulia za chai, kumbuka kwamba zilianza kubembelezwa hapa Entebbe kwanza.

Mpira nao. Kijana alitusimamisha chini ya mti mrefu wenye makovu ya zamani ya visu kwenye gome, akasema, "Huu ni mti wa mpira." Mjukuu wangu wa miaka mitano akainua kichwa, akautazama juu kwa muda mrefu, akazunguka upande wa pili akautazama tena. Baadaye akaninong'oneza: "Bibi, imeshachumwa yote?" Alikuwa anatafuta mipira ya kuchezea. Kijana wetu alichuchumaa akamweleza kwa upole jinsi utomvu mweupe unavyokingwa, unavyogandishwa, na safari yake mpaka ukawa soli ya kiatu alichovaa. Mtoto akavua kiatu akakigusisha kwenye mti. Mashamba ya mpira yalivuma Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, bei ya dunia ilipoporomoka watu wakayaacha. Kilichobaki ni miti kama hii.

Kahawa ina kisa tofauti, nami nakipenda zaidi. Arabika ililetwa, lakini robusta, ambayo ni kama asilimia 80 ya kahawa tunayouza, ni mwenyeji wa misitu yetu. Waganda walikuwa wanatafuna buni kabla mgeni yeyote hajafika na mkoba wa mbegu. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, kula omukago, walikuwa wanapaka damu yao kwenye punje za buni, kila mmoja anakula ya mwenzake. Ndani ya tunda moja la mwanyi, yaani kahawa kwa Kiganda, kuna punje mbili zimelaliana, na ndiyo maana likafaa kwa kazi hiyo. Mkwe wangu, ambaye ni Muganda, ndiye aliyewaeleza watoto hayo. Alilifungua tunda jekundu kwa ukucha, akawaonyesha punje mbili zinavyotoshana tumbo kwa tumbo. Watoto walinyamaza. Nami nilinyamaza, maana sikuwahi kumsikia mkwe wangu akizungumza muda mrefu hivyo.

Kisha tukafika kwenye mutuba, na hapa mtaniwia radhi, huu ni mti wa kazi yangu. Gome lake ndilo linalotoa kitambaa cha olubugo. Huchunwa kipande kizima, shina likafungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na mti huota gome jipya ukavunwa tena mwaka mwingine. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, kuanzia za mistari mipana hadi nyembamba, mpaka linapanuka na kulainika, likianikwa juani linapata rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005, lakini Buganda ilikuwa inawazika wafu wake na kuwavika wafalme wake kwa nguo hiyo kabla dunia haijaandika lolote. Nimeshona olubugo mara kadhaa, mikoba na pambo la kiti. Haishonwi kama pamba. Ukibana mishono, sindano inaitoboa kama stempu na inachanika kwenye mstari. Inataka mshono mrefu, mkono mlegevu, na uzi usiovutwa sana. Nilisimama na kiganja changu kwenye shina la ule mutuba, nikahisi lile gome la baridi, na kwa mara ya kwanza nikashika nguo ikiwa bado hai.

Wanyama nao hawapo mbali. Katika kipande cha msitu chenye kamba za miti zinazoning'inia, mbega walikuwa juu, weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani na mkia kama ufagio wa katani. Mkwe wangu ni wa ukoo wa Ngeye, na ngeye ndiye huyo mbega. Maana yake wajukuu wangu nao ni Ngeye, na kwa desturi mtu wa Ngeye hamli mbega wala hamdhuru. Baba yao aliwaonyesha kwa kidole: "Wasalimieni wenzenu." Wakapiga magoti, kama watoto wa Kiganda wanavyowasalimia wakubwa, wakasalimu: "Musiibye mutya bassebo!" Mbega mmoja aliacha kutafuna akawatazama. Nina picha ya tukio hilo lakini haionyeshi kitu, ni majani tu na kitu cheupe. Si kitu. Watoto wataikumbuka.

Tumbili ni habari nyingine. Hao hawana haya. Ukigeuza kisogo sambusa imeondoka, na aliyeichukua anaila juu ya tawi huku anakutazama usoni. Vyombo viwe na vifuniko, na mtoto mdogo asiachwe na ndizi mkononi.

Ila sauti iliyonirudisha utotoni ni ya hondohondo. Ni ndege mkubwa mweusi na mweupe, mwenye mdomo kama aliyevaa kofia juu ya pua. Akiruka, mbawa zake zinatoa sauti ya pumzi nzito, fuuu, fuuu, fuuu, utadhani kuna mtu anavuta mvukuto wa muhunzi angani. Marehemu mzee wangu kila alipoisikia alikuwa anasema: "Mashine imewashwa."

Mzee alikuwa baharia, na kazi yake ilikuwa ya mitambo. Kwao ni Mwanza. Alianza kwenye meli za ziwani miaka ya 1960, zile zilizokuwa mali ya nchi tatu, zikizunguka Kisumu, Port Bell, Bukoba na Mwanza, na humo ndimo alikomjulia mama, mtoto wa Kitoro aliyekuwa anasafiri kwenda kumwona dada yake Bukoba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ziligawanywa, na mabaharia nao ikawabidi wachague. Yeye alibaki kwa mkewe. Akapata kazi ya gereji, na Jumapili, kama hali ilikuwa shwari, alitupeleka Botanika. Hakuwa mtu wa kutembea kwenye miti. Alishuka moja kwa moja hadi majini, akakaa kwenye jiwe moja pana, lenye ufa katikati, akatugeuzia mgongo. Sisi tulicheza nyuma yake. Mama alikuwa anatukataza kumsumbua. "Mwacheni, yuko kazini," alikuwa anasema.

Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Siku moja nilimwuliza anatazama nini, akaninyooshea mkono kusini, pale ambapo maji na mbingu haviachani, akasema: "Ukishika njia hiyo bila kukata kona unafika kwa bibi yako." Ndiyo hayo tu.

Mwaka 2020, ziwa lilipanda. Mwezi Mei kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikapita kidogo ile rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964, na ufukwe wa Entebbe kwa kirefu ukawa maji. Mzee ndiye aliyetusimulia zamani kuhusu 1964, jinsi gati za bandari zilivyofunikwa na watu wakaziita zile mvua za uhuru. Hakuiona 2020, alishatangulia. Amri za kutotoka nje zilipolegezwa nilikwenda peke yangu, na jiwe halikuwepo. Nilijua liko pale chini, lakini niliona maji tu, na magugu yanacheza. Nililia pale kama siku ya msiba. Maji yalipopungua lilirudi, lina mstari wa matope kuzunguka kiuno chake. Idi hii tulitandika mkeka karibu nalo.

Kuna jambo moja ambalo watu wanaofurahia ufukwe huu wanapaswa kulijua. Mwanzoni mwa karne ya 20 pwani hii yote ya ziwa ilikuwa ya kuogopwa. Malale yaliingia Busoga na Buganda, na katika miaka michache yaliua zaidi ya watu 200,000. Ni hapa Entebbe ambapo mwaka 1902 na 1903 daktari Aldo Castellani alikuta vimelea kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na daktari mwenzake David Bruce akafika na kuonyesha kwamba anayewabeba ni mbung'o. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wa kando ya ziwa wahame, na visiwa vya Ssese vikaachwa vitupu. Fikiria: miche ya chai na kakao ilikuwa inamwagiliwa kwenye mteremko huu, na mwendo mfupi tu kutoka hapo watu walikuwa wanalala wasiamke. Kijana wetu aliyasema haya akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, na kofia ameivua. Nilimheshimu kwa hilo.

Siku hizi ukitaka kuwaona watu wa Uganda wamepumzika, nenda Jumamosi alasiri. Kuanzia saa nane maharusi wanaanza kumiminika kwa picha. Kwa fundi kama mimi ni kama kwenda kwenye maonyesho. Nimekaa kwenye nyasi nikahesabu gomesi, lile vazi la mabega yaliyochongoka lililochukua jina la fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na ninaweza kukuambia kwa mbali lipi limeshonwa Entebbe na lipi limetoka Kampala, kwa kutazama tu mkanda umekaa wapi na pindo la chini limeachwa inchi ngapi. Bibi harusi, sikiliza: nyasi za mteremko zina umande hata mchana, na hariri ikishalowa mpaka magotini haipendezi tena kwenye picha. Mpatie mtu mmoja kazi ya kushika pindo. Na mpiga picha mlipe nusu, nusu nyingine ukishazipata picha mkononi. Harusi ya binti yangu wa pili tulimlipa mpiga picha mmoja pesa zote chini ya mti pale pale, kwa sababu alituambia anakwenda safari. Picha za bustani hatujazipata hadi leo. Mtoto ana harusi yenye msikiti na ukumbi, katikati hakuna kitu.

Jumapili ni ya makundi: vikundi vya kanisa vinaimba chini ya miti, wanafunzi wamelala kifudifudi na madaftari, wazee wa Kihindi wanatembea kwa viatu vyeupe, akina mama wa Kinubi wanakuja na kahawa ya tangawizi kwenye chupa na vile vikombe vidogo. Watu wa Umoja wa Mataifa wenye kituo chao hapa Entebbe huja na watoto, na kwao unasikia Kiswahili cha Goma, cha Dar es Salaam na cha Nairobi katika dakika moja. Hilo linanigusa. Kwetu Uganda Kiswahili kilichelewa kupendwa. Watu wa rika langu walikisikia kwanza kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na neno la kwanza walilolijua ni "lala chini." Mwaka 1973 Amin alikitangaza lugha ya taifa, na hilo halikukisaidia kupendwa. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Bado ukikitumia dukani kuna anayekutazama mkono uko wapi. Lakini pale kwenye nyasi nimekisikia kikibembeleza mtoto, kikigombea paja la kuku, kikiomba chumvi. Watoto wa mkeka wa jirani waliacha Kiganda chao wakaja kucheza na wetu kwa Kiswahili cha darasani, "Hujambo, mimi ninaitwa nani na wewe unaitwa nani," nasi watu wazima tukawaachia uwanja.

Kinachoniudhi ni spika. Idi hiyo kuna kundi moja lilikuja na gari, likafungua milango ya nyuma na kuwasha muziki wa kutikisa vikombe. Hondohondo waliondoka wote kwa mkupuo. Mume wangu alikwenda, akawasalimia kwa heshima, akakaa nao kidogo akala hata kipande chao cha muchomo, ndipo akawaomba wapunguze. Wakapunguza. Hakuna haja ya ugomvi, lakini usinyamaze, kwa sababu sauti za pale ndizo nusu ya ulichokwenda kufuata.

Kutoka Kampala ni kama kilomita 40. Kwa gari binafsi njia ya haraka ndiyo nafuu ya kichwa. Kwa taksi, zile daladala za kwetu, panda za Entebbe kwenye stendi, shuka Kitoro, malizia na boda. Fika kabla ya saa nne asubuhi, kwani jua la saa sita kwenye uwanda wa chini halina huruma na kivuli kizuri kinawahiwa. Mvua ya ziwani haina hodi. Utaona tu upande wa visiwa pamekuwa peusi, na ukihesabu mpaka mia iko kwenye pilau, kwa hiyo turubai jepesi ni muhimu kuliko viti. Siku za isami, wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi, funika chai. Na watoto wasiogelee, hata maji yakionekana safi namna gani. Kichocho kimo ziwani, na dawa yake haina ladha nzuri. Chakula bebeni. Bustani hii inaangaliwa na shirika la taifa la utafiti wa kilimo, NARO, na ndani yake kuna kituo cha kuhifadhi mbegu na vinasaba vya mimea. Kwa hiyo usivunje tawi kwa ajili ya picha na usikate ua, maana unaweza kuwa umeshika kazi ya mtu ya miaka ishirini.

Ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja, ningeomba majina. Kila mti una jina lake la Kilatini. Ningetamani kando yake paandikwe la Kiganda na la Kiswahili, mtoto alisome mwenyewe. Nilimwambia kijana wetu hivyo tulipokuwa tunakunja mkeka. Akatoa daftari dogo mfukoni, kumbe ana orodha yake, Kiganda kushoto na Kilugbara kulia, na katikati ameacha nafasi. "Mama, nisaidie Kiswahili." Tukakaa tena chini. Muvule nikamwandikia mvule. Ffene nikamwandikia fenesi. Wa tatu ulikuwa muwafu, ule mti mkubwa wa utomvu wenye harufu ya ubani, unaozaa empafu, zile nyeusi tunazoziloweka kwenye maji ya moto mpaka zilainike. Nimezila tangu utoto, na jina lake kwa Kiswahili silijui. Nimempigia shangazi yangu wa Mwanza. Naye hajui, anaulizia kwa wazee wa huko, na nafasi ya kijana kwenye daftari bado iko wazi.